Chesisi ya Landrover 109 imepigwa redioksaidi na kutu imerudi, nifanyeje?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Nina Landrover 109 Series III nimeivua yote, nataka niirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Nipo Tanga na nyumba iko karibu na bahari. Chesisi niliipeleka kupulizwa mchanga mwezi wa pili, ikarudi nyeupe kabisa, fundi akasema tuipige redioksaidi, ile rangi nyekundu ya chini, mkono mmoja ikae uani tungoje hela ya rangi. Leo mwezi wa tano vidoti vya kutu vimejaa juu ya redioksaidi. Vyuma vidogo nimevitumbukiza kwenye pipa la oili chafu. Je, nipige rangi nyeusi juu yake, nirudie mchanga, au niipeleke ikachovywe zinki? Na vyuma vilivyobaki nivilinde vipi maana hela yangu inakuja kwa mafungu?

JIBU: Salama mkuu, na hongera kwa kuianza hiyo gari, 109 za mashamba ya mkonge zimebaki chache na nyingi zimeishia kuwa mabanda ya kuku. Nianze na lile utakalolichukia: usipige rangi nyeusi juu ya hivyo vidoti. Itapendeza Juni, Julai bado inapendeza, vuli ikifika utaona malengelenge yanainuka, ukiyatoboa na kucha ndani kuna maji na kutu nyeusi, na hapo itabidi utoe rangi mbili badala ya moja.

Sasa tuelewane kwanza kilichotokea, maana wengi wanadhani fundi kawapiga na rangi feki, kumbe hata ingekuwa redioksaidi ya bei mbaya yangetokea hayohayo. Chuma kikishapulizwa mchanga kinabaki na uso wenye vilima na mabonde madogo sana, ndo maana ukipitisha kiganja kinakwaruza. Hivyo vilima vinasaidia rangi ishike lakini vinataka rangi ya kutosha kuvifunika, na mkono mmoja mwepesi wa redioksaidi unajaza mabonde afu ncha za vilima zinabaki zimechomoza au zimefunikwa na utando mwembamba mno, kila ncha inakuwa kidoti chake. Halafu redioksaidi yenyewe, hizi za kawaida za makopo ya duka la hadwea, ni praima tu, yaani rangi ya kwanza ya chini. Unyevu unapita ndani yake. Imetengenezwa ipigwe, ikauke, na ifunikwe na rangi nyingine bila kuchelewa, haikutengenezwa ikae uani ikipigwa na masika ya Tanga miezi mitatu. Sijui nani aliwaambia mafundi wetu kwamba redioksaidi ni dawa ya kutu, ukiangalia vizuri ile rangi nyekundu yenyewe ni oksaidi ya chuma, yaani ndugu yake kutu.

Na kuna kitu cha tatu ambacho watu wa pwani tunakisahau kabisa, chumvi. Upepo wa kusi unaleta chumvi ya bahari inatua juu ya chuma hata kama huioni. Chumvi ikinaswa chini ya rangi inavuta maji kutoka nje yapite kwenye rangi mpaka yaifikie, ndo yale malengelenge. Na hapa nikuulize, mchanga waliopulizia ulikuwa wa wapi? Kama ni wa ufukweni basi walikuwa wanaitwanga chumvi ndani ya chuma kwa presha ya kompresa. Kitu kingine, mchanga wa kawaida, wa mtoni au wa baharini, ukipasuka unatoa vumbi la silika linaloharibu mapafu bila kurudi nyuma, Uingereza waliupiga marufuku kwa kazi hii mwaka 1950, kwahiyo ukirudia tafuta mtu anayetumia ganeti, punje za jiwe gumu, au ule mchanga mweusi wa mabaki ya shaba, na ukikuta kijana anapuliza kajifunga kitambaa puani mwambie ukweli hata kama hatakusikiliza.

Haya, chesisi yako sasa. Zinki nitakuja nayo mwisho maana ina maelezo yake, tuchukulie kwanza unakwenda njia ya rangi.

Redioksaidi yote itoke. Usijidanganye kwamba utapiga msasa afu ukaweka epoksi, praima ya makopo mawili, juu yake, thina yake ni kali, ukiweka juu ya redioksaidi ya kawaida inaikunja kama ngozi ya maziwa na kazi yote inaharibika mbele ya macho yako. Kwa bahati haihitaji mpulizo wa nguvu kama ule wa kwanza, mwambie apitishe mwepesi tu wa kufagia rangi na vidoti mpaka chuma kiwe cheupe tena. Ila kabla hajaanza, ioshe yote kwa maji baridi mengi na sabuni, ndani na nje, ingiza bomba kwenye matundu ya chesisi usukume matope yote mpaka maji yatoke safi. Maji gani? Sio ya kisima chako. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, ukionja unaijua, na kuoshea chuma maji ya namna hiyo ni kujitafutia kazi. Maji ya bomba au ya mvua, na masika hii ya mvua unayo bure, kinga kwenye mapipa.

Baada ya kupulizwa unakuwa kwenye mbio. Chuma kilichopulizwa kwenye hewa ya pwani hakisubiri kesho, saa chache tu ukikiangalia kwa pembeni unaona kinaanza kuwa na rangi ya chai ya rangi, hiyo tayari ni kutu. Kwahiyo praima iwe imeshanunuliwa, iko pale, fundi rangi yuko pale, bunduki ya rangi imeshasafishwa, ndo mchanga uanze. Anza saa tatu asubuhi jua likishakausha umande, na kabla ya jioni mkono wa kwanza wa praima uwe umeshaingia. Kama chesisi nzima haiwezekani kwa siku moja, puliza nusu, paka nusu, ule mpaka wa kati utaukwangua kidogo kesho yake. Kazi kubwa za madaraja na matangi wanafuata kanuni kwamba unyevu wa hewa usizidi asilimia 85 na chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande unaanza kutua, wewe huna vipimo hivyo lakini unaweza kufuta kipande cha chuma kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kama ule unyevu umekauka ndani ya dakika kumi na tano hivi endelea, kama bado unang'aa pale acha, nenda kanywe chai. Na usikiguse kwa mikono mitupu! Jasho lina chumvi. Nimeona mlango uliopulizwa vizuri sana, siku mbili baadae vidole vitano vya fundi vimejichora juu yake kwa kutu, unaweza hata kuhesabu mistari ya kidole.

Praima ya kutumia ni epoksi ya makopo mawili, ile unachanganya na hadina, dawa ya kuigandisha. Hiyo ikikauka inaziba kweli, sio kama redioksaidi. Mikono miwili ya kushiba, na kwenye kona, kwenye mishono ya welding na kwenye kingo za matundu upitishe kwanza brashi kwa mkono, maana bunduki huwa inakimbia kwenye kingo na kutu siku zote inaanzia hapo. Soma kopo lako linasema mkono wa pili uingie ndani ya muda gani, ukipitiliza inabidi upige msasa kwanza ndo ushike. Juu yake weka rangi ya mwisho, nyeusi ya chesisi, kwa sababu epoksi yenyewe jua linaichakaza inakuwa na unga unga. Na barakoa yako iwe ile ya makopo ya mkaa pembeni, hizi za makopo mawili hadina zake sio za kuchezea, hasa ukifika kwenye rangi za nje za poliurethani.

Kama hela ya kupuliza tena haipo kabisa, kuna njia ya maskini na sio mbaya kihivyo: ondoa redioksaidi yote kwa dawa ya kutoa rangi na brashi ya waya ya grinda, osha, kausha, kwenye mashimo ya kutu weka kigeuza kutu afu tumia ile epoksi nzito inayovumilia chuma kilichosafishwa kwa mkono, muuza rangi za meli anaijua, wavuvi na watu wa bandari wanaitumia. Hicho kigeuza kutu, zile dawa za asidi ya fosforiki au za tanini zinazogeuza kutu kuwa nyeusi, watu wanakipaka kila mahali mpaka kwenye chuma kisafi. Kazi yake ni kwenye kutu tu, na ile ya fosforiki ikibaki bila kuoshwa epoksi juu yake haishiki vizuri. Paka, subiri, osha, kausha kwa moto au hewa ya kompresa, ndo uendelee.

Ndani ya chesisi ndo kwenye ugonjwa. Chesisi za Landrover za wakati huo ni bati nne zimeungwa zikawa boksi, matope yanaingia yanakaa humo miaka, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje, ukiona tundu nje ujue ndani palishaisha zamani. Bunduki haifiki humo na mchanga uliopulizwa umebaki humo pia, utikise na uupulize wote utoke. Baada ya rangi ya nje kukauka vizuri ingiza bomba refu lenye kichwa cha kupulizia pande zote, unyunyize nta ya kuzuia kutu ya kwenye mashimo, ile laini isiyokauka kabisa, mpaka uone inachuruzika kwenye matundu ya chini. Hayo matundu ya kutolea maji usiyazibe na chochote. Rudia kila mwaka kabla ya masika, ni kazi ya nusu siku.

Sasa vyuma vilivyobaki na hela ya mafungu, na hapa ndo ningependa unisikilize kuliko pote. Kosa sio kukosa hela, kosa ni kusafisha kila kitu kwa mpigo afu hela ikaisha. Chuma chenye rangi yake ya zamani, grisi na matope ya miaka arobaini kimekaa hivyo muda wote, miezi sita zaidi chini ya bati haitakiua. Chuma kikishakuwa cheupe kinaanza kuhesabu saa. Kwahiyo chukua kitu kimoja, mfano ekseli ya nyuma, isafishe ipake ifunge imalize, ndo ushike ya mbele. Usisafishe chochote ambacho huna praima yake mkononi wiki hiyo. Springi zako, kabini, milango, viache vichafu hivyohivyo, viinue juu ya mbao visilale kwenye sakafu ya simenti wala ardhini, na paa juu. Turubai la plastiki usilifunge mpaka chini, usiku jasho linafanyika ndani linadondokea vyuma, acha upepo upite pembeni.

Pipa la oili chafu. Najua pwani hii kila mtu anapuliza oili chafu chini ya gari na wengine wanaapa kwa hilo. Mi siipendi. Ile oili imetoka kwenye injini na masizi, maji na asidi zake, ngozi yako haiihitaji, inavimbisha mpira wa bushi, na kwenye kazi yako wewe ina tatizo jingine: maji yakiingia ndani ya pipa yanakaa chini na oili inaelea juu, vile vyuma vilivyolala chini kabisa vimekaa ndani ya maji muda wote huu. Mwaga pipa polepole leo uangalie, nina wasiwasi utakuta vya juu vinang'aa na vya chini vina mstari mwekundu katikati. Ukivitoa vioshe na mafuta ya taa au dizeli, sio petroli tafadhali, afu maji ya moto na sabuni ya unga, kausha, na siku ya kupaka rangi futa na thina kwa vitambaa viwili, kimoja cha kulowesha na kingine kikavu cha kufuta kabla thina haijakauka, ukitumia kimoja unahamisha mafuta tu kutoka hapa kwenda pale.

Vidogo vyenye kutu kali, mabano, bawaba, pedeli, kuna njia mbili za bei ndogo ambazo naziamini.

Ya kwanza ni molasi, ile ya kulishia ng'ombe inayotoka viwanda vya sukari. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, kwenye pipa la plastiki, tumbukiza na usahau wiki moja mpaka tatu kutegemea kutu. Inanuka, na nzi watakuja, weka mbali na dirisha la mke wako. Inakula kutu na kuacha chuma, ila aluminiamu na vyenye zinki usiweke humo vitaliwa. Ukitoa, osha kwa maji na brashi na ukaushe palepale juani au kwa kompresa, maana kinageuka rangi ukikiangalia.

Ya pili ni umeme. Beseni la plastiki, maji, na soda ashi kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Soda ashi ile wanayouza kwa watengeneza sabuni, ya unga mweupe, magadi ya mawe ya kupikia maharage ni jamaa yake lakini yana chumvi ndani na chumvi hatuitaki. Chaja ya betri ya volti 12, waya wa hasi kwenye kifaa chako, wa chanya kwenye kipande cha chuma chakavu, nondo inatosha, visigusane. Ukikosea ukageuza waya kifaa chako ndo kitaliwa badala ya nondo, hakikisha mara mbili. Washa utaona mapovu. Mapovu hayo ni haidrojeni, inalipuka, kwahiyo fanya nje kwenye hewa na uzime chaja kabla hujagusa waya. Usitumie stenlesi stili upande wa chanya hata kama inadumu, inatoa kromiamu ya sumu kwenye maji. Na usibadilishe soda kwa chumvi ya mezani ili iende haraka, hiyo inatoa gesi ya klorini.

Springi, bolti ngumu za usukani na chochote kinachobeba uhai wako usiweke kwenye asidi wala kwenye umeme, haidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu inakifanya kikatike ghafla bila kupinda. Hizo brashi ya waya tu. Na kuna mafundi wanasafisha na maji ya betri au ile asidi ya kusafishia vyoo, ya pili hasa ni mbaya sana, mvuke wake unatia kutu kila spana iliyoko kwenye chumba na chumvi zake zinabaki kwenye vitundu vya chuma. Mkatalie hata kama anakufanyia bure.

Vyuma vya mashine ambavyo havipakwi rangi, uso wa flaiwili, ndani ya ngoma za breki, jenali za krenki, zile tufe za kwenye magurudumu ya mbele, hivyo ni oili mpya safi au grisi nyepesi, funga na karatasi iliyopakwa mafuta kwanza ndo uweke kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na redio, ukivikaanga kidogo kwenye oveni vinakauka unavitumia tena. Ngoma za breki andika kwa chaki kabisa OSHA KABLA YA KUFUNGA, maana miezi ikipita mtu anasahau na grisi kwenye breki sio utani.

Kabini ya 109 bodi yake ni aluminiamu na watu wanadhani basi haina kutu. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva ni chuma, unaoza pale miguu inapokaa na kwenye nguzo za mlango, na milango kwa ndani ina fremu ya chuma iliyofunikwa na ngozi ya aluminiamu, hapo chini kabisa mvua inakaa. Chuma na aluminiamu vikigusana kwenye unyevu wenye chumvi aluminiamu ndo inaliwa, unaona unga mweupe unafura na rangi inapasuka. Kwahiyo kila vinapokutana weka kitu katikati, paka epoksi pande zote mbili kwanza, afu silanti (gundi ya kuziba) au kipande cha mpira, ndo ufunge bolti. Ukichomelea kiraka cha sehemu ya miguu, zile nyuso zitakazolaliana ambazo baadae hutazifikia tena zipige praima ya zinki ya kuchomelea juu yake kabla ya kuunga. Silanti ya mshono inakuja baada ya epoksi, sio kabla. Na ukimaliza kupaka kitu, mtu asitumie grinda karibu, zile cheche zinatua kwenye rangi mpya na wiki ijayo ni vidoti vya kutu ambavyo utamlaumu fundi rangi bure.

Bolti nunua mpya, za kupakwa zinki. Kwenye Series III nyingi ni za nyuzi za inchi (UNF), kwahiyo za pikipiki au za Toyota zitaingia mizunguko miwili zikwame na utaharibu nyuzi. Za stenlesi kwenye bodi sawa ila weka washa ya nailoni na grisi maana ni walewale wa kugombana na aluminiamu, kwenye springi, usukani na breki usiweke stenlesi kabisa, hizi za kawaida za madukani hazifikii nguvu ya bolti ya daraja la 8.8.

Tumefika kwenye zinki. Kama unakaa Tanga karibu na bahari na una mpango wa kuimiliki hiyo gari mpaka uzeeni, kuchovya ndo jibu bora kwa chesisi, sikufichi. Wanaisafisha kwenye asidi afu inazamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka ya nyuzi 450 hivi, na faida kubwa kuliko zote ni kwamba zinki inaingia mpaka ndani ya boksi pale ambapo bunduki ya rangi haitafika milele. Kwa bati la unene wa chesisi hiyo unapata kama maikroni 55 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) za zinki na zaidi, na ukiikwaruza kidogo zinki inajitoa yenyewe ili chuma kipone.

Lakini ina masharti yake. Kwanza uliza urefu wa birika lao kabla ya kukodi gari la kubebea, chesisi ya 109 ni ndefu na ikichovywa upande mmoja mmoja inaweza kupinda. Kazi zote za kuchomelea, viraka, mabano, hanga, ziishe kabla, kwa sababu kuchomelea juu ya zinki kunatoa moshi mweupe unaokulaza na homa usiku na inabidi ukwangue zinki kwanza. Kila boksi liwe na matundu ya kuingiza na kutoa, juu na chini, kama kuna sehemu imezibwa kabisa yenye hewa au maji ndani inalipuka kwenye birika na hapo ni maisha ya watu, wakague wenyewe na wewe ukiwepo. Rangi, grisi na slagi (magamba) ya welding vyote vitoke maana asidi yao inatoa kutu tu haitoi rangi. Matundu yenye nyuzi yatajaa zinki, utapitisha tepu ya kukatia nyuzi upya. Namba ya chesisi iliyogongwa mbele karibu na hanga ya springi ipige picha na upige kopi kwa penseli juu ya karatasi kabla, zinki inaweza kuifukia na ukifika kwenye ukaguzi unaanza kujieleza. Ikirudi usiirundike kwenye nyasi zenye unyevu ikiwa mpya, inaota unga mweupe. Na kama unataka iwe nyeusi, zinki mpya rangi haishiki mpaka uipige praima ya asidi inayoing'ata zinki au uikwaruze, mi ningeiacha kijivu.

Kuna jambo moja linaloamua zinki au epoksi na huwezi kuliona kwenye picha. Chukua nyundo ndogo leo, kabla hujalipa mtu yeyote, ugonge sehemu tatu: boriti ya nyuma kabisa inayofungiwa ndoano ya kuvutia, ile mikono ya pembeni inayobeba kabini, na mbele pale springi zinaponing'inia. Gonga kwa juu na kwa chini, chini ndo muhimu. Sauti ikiwa kavu ya kulia chuma kipo. Ikiwa imezima, au nyundo inaacha kibonyeo, basi hapo pamebaki bati la karatasi na asidi ya zinki itapatoboa kabisa, kwahiyo utahitaji kukata na kuchomelea kipande kipya kabla ya kuchovya, na gharama yako inabadilika. Gonga, weka alama ya chaki pale palipozima, afu nitumie picha za hizo alama tu, za vidoti nimeshazielewa.